Mfuko wa Kushoto

Ujumbe wa kwanza wa rambirambi uliotoka katika nyumba ile ulikuwa na kasoro mbili tu: ulimlilia marehemu mwingine, na ulikuwa umeshakwenda.

"Nisomee tena," mama alisema. Alikuwa kasimama mlangoni, povu limempanda hadi kwenye viwiko, maji yanamchuruzika juu ya sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi.

Mwanawe wa kwanza akakohoa. Alikuwa mlinzi wa lango la shule ya chekechea, kazi iliyomzoesha kusimama wima hata pale anapokuwa na hatia. Akaiinua simu ya mama usawa wa macho, akasoma: "'Tumepokea kwa majonzi makubwa taarifa za kifo cha bibi yetu mpendwa. Tutalikumbuka daima tabasamu lake, mapishi yake, na mikono yake iliyotusuka nywele utotoni.'"

"Iliyotusuka nywele," mama akarudia.

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Fundi saa. Mzee wa miaka sabini na nne, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Huyo ndiye aliyekusuka wewe nywele."

Nyuma ya meza ya kupigia pasi, binti wa nyumba alijiinamia kama anayetafuta kishikizo kilichodondoka, mabega yakimcheza. Huyu walimwita Chiriku, na hakuna aliyekaa naye dakika mbili akauliza sababu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, na cheti chake kilikuwa kimefungiwa kabatini kikisubiri kazi. Yeye naye aliisubiri, huku akinyoosha mashati ya watu.

"Kaka," akasema alipopata pumzi, "hebu shuka chini kidogo. Kuna mstari umeuruka."

Kaka akashuka. Uso ukamwiva. "'Mtumie na mwenzako aliyefiwa,'" akasoma, kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu.

"Mungu wangu," mama akasema, akakaa.

"Si uliniambia niandike? Mimi si mtu wa kuandika, mama. Ule ulikuwa kwenye kundi letu la walinzi. Watu waliusifia sana."

"Waliusifia kwa sababu aliyetumiwa alikuwa kafiwa na bibi," Chiriku akasema. "Wewe umeuchukua kama koti la mtumba. Hukuangalia hata kama lina mikono."

Mama hakucheka, na mama alikuwa mwepesi wa kucheka. Hapo ndipo Chiriku alipoweka pasi kando.

*

Ujumbe ulikuwa umekwenda kwa binti wa pekee wa fundi saa, muuguzi katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Mama hakuwahi kuzungumza naye hata mara moja. Namba yake aliipataje? Tutafika, tusisukumane.

Mtaa mzima walimwita Mama Povu. Miaka kumi na tisa alikuwa akifua nguo za watu kwa mkono, kwenye ua uliokuwa na kamba sita na mabeseni ya kila umri. Wateja wengi walituma mizigo kwa watoto au waliitupa mlangoni wakipita. Fundi saa aliileta mwenyewe kila Jumamosi, imekunjwa kana kwamba imeshafuliwa, na alikuwa na tabia moja iliyomshangaza Mama Povu tangu siku ya kwanza. Watu husema asante nguo zikirudi. Yeye alisema na zikienda. Alikabidhi nguo chafu, akasema, "Asante, mama, pole kwa kazi," akaondoka zake. Asante mbili kila wiki. Kuna wateja waliokuwa hawajamaliza hata moja tangu waanze.

Sasa alikuwa amefariki. Mwenye duka la jirani alimkuta jana asubuhi kibandani mwake, kaegemea kiti, kioo cha kukuzia bado kimo jichoni. Mazishi yalikuwa kesho saa nne.

"Asubuhi nilikwenda kutoa pole," mama aliwaambia wanawe, akijifuta povu kwa kanga. "Nikapita uani kunawa. Nikamkuta dada wa marehemu yuko kwenye simu, anaongea na huyo mtoto. Anamwambia, 'Kaka alikufungia mlango mwenyewe. Miaka saba hakukutaja hata kwa bahati mbaya. Ukija utamdhalilisha kaburini. Baki huko huko.'"

Kisa hicho mtaa ulikijua. Siku walipomzika mke wa fundi saa, binti alimkabili baba yake mbele ya waombolezaji akamwambia: "Ulikaa na saa za watu wakati mama anakata roho." Baba akamjibu: "Toka mbele yangu, na usinijue tena." Binti alitoka. Wote wawili walikuwa watu wa kutimiza neno, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wao.

"Sasa kama mzee alimkataa, si alimkataa?" kaka akasema. "Sisi tunaingilia nini?"

"Hakumkataa."

"Umejuaje?"

Mama Povu akaitazama mikono yake, nyeupe kwenye ncha za vidole. "Mifuko," akasema.

*

Hapa inabidi kueleza jambo la kidobi. Hakuna nguo inayoingia majini kabla mifuko haijapekuliwa. Kalamu moja itaharibu mashati kumi. Kwa fundi saa ilikuwa zaidi, maana mifuko yake ilijaa skrubu ndogo kuliko chawa. Kwa hiyo mkono wa dobi huingia katika kila mfuko, na kila anachokitoa hukiweka kwenye kopo, na nguo ikikauka hukirudisha pale pale. Lakini jicho halitakiwi kufuata mkono. Na kama jicho limefuata, basi mdomo usifuate jicho.

Mama Povu alikuwa ameshaivunja sheria hiyo mara moja. Mwaka wake wa pili wa kazi alimwambia mteja, kwa nia njema kabisa, "Dada, hizi tiketi mbili za sinema za mume wako nimezianika zikauke." Dada hakuwa amekwenda sinema. Wiki ile nyumba tano zilichukua nguo zao, nne zikiwa hazihusiki kabisa na sinema. Tangu siku hiyo Mama Povu alikuwa kaburi linalotembea. Mitaa mitatu mifuko yake aliijua, na hakuna aliyejua kwamba anaijua.

"Katika shati lake, mfuko wa kushoto, kulikuwa na karatasi," akasema sasa. "Ndogo hivi, imefungwa kwenye nailoni. Namba ya simu, na chini yake neno moja: Mwanangu. Kila Jumamosi. Akileta mashati matatu, iko kwenye lile alilolivaa mwisho. Naitoa, naiweka kwenye kopo, naikuta tena wiki ijayo kwenye shati jingine. Miaka yote saba, wanangu. Ndiyo maana namba nilikuwa nayo kichwani. Tarakimu mimi zinanikaa kuliko herufi."

Kaka akaiweka simu mezani. Halafu akasema lile ambalo wote walikuwa wanalizunguka. "Mama. Dada wa marehemu ndiye mwenye gesti."

"Najua."

"Shuka za gesti ndizo zinazotulisha. Ukimwandikia yule binti hayo, shangazi yake atajua nani kamleta na kwa maneno gani. Atasema unasoma mifuko ya watu. Atazibeba shuka zake, na wengine watafuata nyuma kama kondoo. Tutarudi kwenye ile wiki ya sinema, ila safari hii ni mtaa mzima umekwenda."

"Najua, baba. Nimelifua hilo neno tangu asubuhi, halitoki." Mama akavuta pumzi. "Lakini huyu mzee alinishukuru mara mbili kila wiki, na mimi sikuwahi kupata pa kuzirudisha asante zake. Nisipozirudisha leo, atanizidi milele. Chiriku, chukua simu."

*

Chiriku alikuwa na sifa ya kuandika. Shuleni insha zake zilisomwa mbele ya darasa, mara moja kwa kusifiwa na mara mbili kwa kuadhibiwa. Akanyoosha vidole, akaandika haraka, akasoma: "'Kwa mkono unaotetemeka na moyo uliofunikwa na wingu zito la simanzi, sisi wa familia ya Mama Povu...'"

"Nani kafa, rais?" mama akauliza.

"Ni mtindo, mama."

"Uondoe. Mimi nina wingu gani? Nina beseni."

Akafuta. Akajaribu tena: "'Pole sana dada. Samahani kwa ujumbe wa kwanza, ulitumwa na kaka yangu, ambaye kichwa chake tunakitumia kuninginizia kofia.'"

"Wee!" kaka akasema.

"Angalau huu ni wa kweli."

"Chiriku." Mama hakupandisha sauti. "Mtoto wa watu kafiwa na baba. Ameambiwa asije kumzika. Basi la mwisho la kwao linaondoka saa kumi, na sasa hivi ni saa nane. Wewe unachekesha nani?"

Chiriku akajisikia uso unamchoma. Mzaha wake wote ulikuwa kama zile nguo zinazopendeza kwenye kamba na zikivaliwa hazimtoshi mtu. Akakaa chini, mgongo ukutani. "Basi sema wewe," akasema taratibu. "Mimi niandike tu."

Mama akasema, na yeye akaandika, bila kuongeza hata kituo:

"Mwanangu, pole. Mimi ndiye ninayemfulia baba yako. Ule ujumbe wa mwanzo tulikosea, tusamehe. Nataka ujue jambo moja, nawe uamue mwenyewe. Mfukoni mwa shati lake kulikuwa na namba yako hii ninayokuandikia. Kila wiki, miaka saba, haijakosekana hata wiki moja. Chini yake imeandikwa Mwanangu. Nimeshika hiyo karatasi kwa mikono yangu. Mazishi ni kesho saa nne."

"Niweke jina lako?"

"Weka. Rambirambi isiyo na mwenyewe ni umbea."

Wakatuma. Halafu wakakaa wakiitazama simu kana kwamba ni chungu kilicho jikoni. Mama alirudi kwenye beseni, akafua shuka ile ile mara tatu. Kaka alitakiwa kazini, akaaga mara mbili asiende. Saa tisa ikapita. Saa kumi kasoro robo simu ikalia, Chiriku akaidaka kabla haijamaliza mlio.

"Anasemaje?"

"Maneno mawili tu. 'Mfuko upi?'"

"Mwambie wa kushoto."

Akaandika. Hakuna kilichorudi tena.

*

Alikuja. Asubuhi watu walipokuwa wakipanga viti, aliingia uani na begi moja dogo begani na viatu vyeupe vya kazini, maana alitoka kazini moja kwa moja hadi basini, na usiku alikesha stendi. Hakuna aliyemzuia. Shangazi yake alifungua mdomo, akaona macho ya watu, akaufunga. Binti alikwenda hadi penye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao upande wa kushoto, hakukiondoa mpaka walipolibeba.

Shangazi alisubiri watu warudi kutoka makaburini. Akamkuta Mama Povu kwenye foleni ya kunawa, katikati ya akina mama, ambao karibu wote walikuwa na nguo kwenye kamba zake siku hiyo hiyo.

"Nimeuona ujumbe kwenye simu yake," akasema. "Wewe ndiye uliyemwita."

"Sikumwita. Nilimpa pole."

"Ulimwambia yaliyokuwa mfukoni mwa kaka yangu. Kwa hiyo ndiyo kazi yako? Tunakupa nguo, wewe unatusoma?"

Maji ya bombani yaliendelea kumwagika, hakuna aliyekumbuka kulifunga. Chiriku, nyuma ya mama yake, alikuwa na majibu sita tayari, yote makali. Mama akamshika mkono nyuma nyuma, kwa nguvu.

"Ndiyo," Mama Povu akasema. "Mkono wangu unaingia mifukoni, na macho ninayo. Nimeona mengi, nimesema hili moja. Ukitaka shuka zako, ni haki yako."

"Leo. Hata kama ni mbichi."

"Leo."

Kila mama pale alionekana akipiga hesabu ya mifuko ya mumewe, na baadhi ya mifuko yake mwenyewe. Mwishowe mke wa mwenye bucha, mwanamke mpana asiyejua kunong'ona, akajinawisha, akafunga bomba. "Mimi za kwangu ziache," akasema. "Lakini kuanzia leo nitazikung'uta mwenyewe kabla sijaleta." Mtu akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kanga, na kicheko kikapita mstarini, kile cha msibani kinachotembea kwa kuinama.

Mchana huo Chiriku na kaka yake walibeba shuka mbichi mtaa mzima hadi gesti, maji yakiwalowesha migongo. Wanaume waliokaa barazani waliuliza kama mvua imenyesha upande mmoja tu. Kwa mara ya kwanza Chiriku hakuwajibu. Siku mbili zilizofuata nyumba tatu zilichukua nguo zao. Kumi na moja zilibaki.

"Kumi na moja!" mama alisema jioni ya Alhamisi, akihesabu mizigo tena. "Mungu ana watu."

*

Ijumaa asubuhi, mama alipokuwa akisuuza, muuguzi alisimama kwenye lango la ua. Begi lilikuwa begani, safari ya kurudi. Mama akamkaribisha kiti, naye hakukaa.

"Nimekuja kuaga," akasema. Halafu akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kinailoni, na ndani ya nailoni karatasi. "Wamenipa vitu vyake. Hii ilikuwemo kwenye shati alilofia. Mfuko ule ule uliousema."

"Alhamdu..." mama alianza, akakatizwa.

"Si mwandiko wake, mama." Sauti yake ilikuwa tulivu, utulivu wa mtu aliyekesha akiupanga. "Baba akiandika tarakimu ya saba aliikata kiunoni kwa mstari. Saba za hapa hazijakatwa. Hata hili neno Mwanangu hakuliandika yeye. Nimekuja kuuliza tu. Mliniandikia ujumbe mzuri, na mmepoteza kazi kwa ajili yangu, nimeambiwa. Sitakasirika. Lakini kama mliiweka nyinyi ili nijisikie vizuri, naomba niambiwe kabla sijapanda basi."

Mama akaacha shuka izame. Akamtazama Chiriku, kisha akatazama ardhi.

"Niliifua," akasema. "Ile aliyoiandika yeye, ambayo haikuwa na nailoni. Miaka mitatu iliyopita, mizigo ilinizidi, shati likapita bila mkono wangu kuingia mfukoni. Ikatoka imekuwa uji. Katika kazi yangu yote sijaona aibu kama ile. Alipokuja nilimpigia magoti. Hakuniambia neno baya. Aligeuza ndoo akakaa juu yake, pale pale ulipo, akaniuliza kama nina mtoto anayejua kuandika, maana mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mkono ule ule wa kushika skrubu."

"Huo mwandiko ni wangu," Chiriku akasema. "Nilikuwa kidato cha pili. Nilichana karatasi ya daftari la jiografia. Nikamwuliza niandike jina gani chini, akasema, 'Huyo haitwi jina na mimi. Andika Mwanangu.'"

Muuguzi akaigeuza karatasi. Nyuma yake, kwa penseli, kulikuwa na kipande cha mto na nusu ya mlima. Akakitazama kwa muda.

"Aliisoma wapi hiyo namba akupe?" akauliza. "Kama karatasi ilikuwa imeharibika."

"Hakuisoma popote. Alifumba macho, akasema."

"Yote?"

"Yote. Hakusita hata mahali."

Muuguzi sasa akakaa, si kwenye kiti alichowekewa bali kwenye ukingo wa saruji wa bomba, sketi yake ikilowa. "Basi kama aliijua hivyo," akasema, "mbona hakupiga?"

Chiriku akamtazama mama yake.

"Hilo, mwanangu, halikuwa mfukoni," mama akasema. "Ningeliona ningekwambia. Na wewe namba yake ulikuwa nayo?"

Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Kisha akaufikia mkono wa Mama Povu, ule mweupe wa ncha, uliolowa, akaushika kwa mikono yake miwili. "Asante," akasema. "Kwa kila wiki." Mama akatikisa kichwa, machozi yakianguka kwenye beseni la watu.

Muuguzi akamgeukia Chiriku. "Unakumbuka alivyoisema?"

"Nakumbuka."

"Nisemee hivyo hivyo."

Chiriku akajifuta mikono kwenye gauni. Akafumba macho. Akaishusha sauti, lakini safari hii hakumwigiza mtu ili watu wacheke. Akaitoa namba tarakimu mbili mbili, na kila baada ya mbili akapumzika kidogo, kama fundi anayesikiliza kama kitu kinatembea. Mbili za mwisho alizisema taratibu kuliko zote, kwa sababu mzee ndivyo alivyozisema.

Alipofumbua macho, muuguzi alikuwa bado ameinamisha kichwa, midomo ikimfuata.

"Mara moja tena," akasema. "Tafadhali. Basi linaweza kunisubiri."

Chiriku akaanza upya kwenye sifuri.